Marshali wa Sinema na Marshali wa Kweli

Juma lililopita katika mazungumzo yetu ya redioni niligusia, kwa kupita tu, filamu moja ya zamani ya kikauboi inayoitwa Frontier Marshal, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1939. Nilisema kwamba ni filamu ya dakika 71 tu, nyeusi na nyeupe, isiyo na gharama kubwa, na kwamba bado inatazamika. Sikutegemea kwamba maneno hayo machache yangezua ubishi. Lakini ubishi umezuka, na kwa kuwa waliosikia redio wametaka maelezo zaidi, nimeona leo niyaweke mambo haya yote kwenye karatasi.

Maoni yenyewe yamegawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la wazee wenzangu. Mmoja ameniambia kwamba hizo ndizo zilikuwa sinema, kwa sababu mtu aliingia ukumbini akijua stelingi ni nani na adui ni nani, hakukuwa na uchafu wa kumfanya ainamishe kichwa mbele ya wanawe, na saa moja baadaye haki ilikuwa imeshinda. Kundi la pili ni la vijana. Hawa wanasema mapigano yale ni ya kitoto, bastola ya risasi sita inafyatua risasi 15 bila kujazwa, na kofia ya stelingi haianguki hata akitupwa ghorofani. Kundi la tatu lina mtu mmoja tu, mama mmoja mwalimu mstaafu, naye ameuliza swali moja: "Hivi, mwanangu, katika nchi ile iliyokuwa na watumwa mamilioni na wenyeji wenye ardhi yao, mbona askari wa sinema ni Mzungu peke yake, na mwenyeji akionekana ni mlevi?"

Nitaanza na wazee, maana wanayo haki yao.

Filamu za namna hii zilitokana na hesabu ya duka. Katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kumbi za sinema za Marekani zilianza kuwapa watu picha mbili kwa tiketi moja. Picha ya kwanza ilikuwa ya wachezaji wakubwa, na mwenye ukumbi aliilipia kwa asilimia ya mapato. Picha ya pili, ile ya kujazia, aliikodi kwa bei iliyopangwa tangu mwanzo. Basi mtengenezaji wa picha ya pili alijua mapema atapata kiasi gani, wala hakuweza kupata zaidi hata filamu yake ingekuwa nzuri namna gani. Njia pekee ya kupata faida ilikuwa kubana matumizi. Ndipo kampuni kama Republic, iliyoundwa mwaka 1935, na Monogram, zikawa zinapiga filamu nzima kwa wiki moja au mbili, farasi wale wale, nguo zile zile, na majabali yale yale ya shamba la Iverson kaskazini-magharibi mwa Los Angeles. Mtazamaji aliyekuwa makini angeweza kuona jabali moja likipitwa na wezi wa ng'ombe katika filamu kumi.

Frontier Marshal haikuwa ya mafukara kiasi hicho. Kampuni yake ilikuwa kubwa, na mchezaji mkuu, Randolph Scott, alikuwa na jina. Hata hivyo ilitengenezwa kwa mtindo ule ule: fupi, ya haraka, isiyopoteza muda. Mwongozaji wake Allan Dwan alikuwa fundi aliyeanza kazi tangu siku za sinema bubu, na ufundi wake unaonekana katika jinsi anavyokwambia jambo kwa mwendo wa mtu badala ya maneno. Mzee wangu anaposema zile ndizo zilikuwa sinema, mimi simbishii. Mtu akikupa saa moja na robo ya hadithi iliyosimama wima, amekutendea haki.

Ila hadithi yenyewe ndiyo yenye walakini. Filamu inamhusu Wyatt Earp, na inadai kusimulia pambano la Tombstone, Arizona, la tarehe 26 Oktoba 1881. Katika filamu ile Wyatt anakuja mjini peke yake, anavaa nyota kifuani, na rafiki yake daktari anauawa kabla ya pambano. Sasa tuangalie ilivyokuwa.

Mji wa Tombstone ulikuwa mji wa machimbo ya fedha, na mwaka ule ule wa 1881 ulipitisha amri ya kukataza watu kutembea na silaha mitaani. Mgeni alitakiwa kuikabidhi bastola yake. Nataka vijana waliozoea kuona kila mtu wa Magharibi amejifunga bastola mbili walifikirie hilo: chanzo cha pambano mashuhuri kuliko yote ya kikauboi kilikuwa askari kujaribu kuwanyang'anya watu silaha kwa mujibu wa sheria ndogo ya mji. Na mkuu wa askari hakuwa Wyatt. Alikuwa kaka yake, Virgil Earp, marshali wa mji, ambaye pia alikuwa naibu marshali wa serikali kuu. Wyatt na ndugu yao Morgan walikuwa wasaidizi tu, pamoja na Doc Holliday, daktari wa meno mgonjwa wa kifua kikuu na mcheza kamari.

Wala pambano halikutokea ndani ya lile zizi la farasi linaloitwa O.K. Corral. Lilitokea kwenye kiwanja chembamba kando ya studio ya mpiga picha, barabara ya Fremont. Lilichukua kama sekunde 30, na risasi kama 30 zilifyatuliwa. Waliokufa ni watatu: Billy Clanton na ndugu wawili, Tom na Frank McLaury. Ike Clanton, ambaye maneno yake ya usiku kucha ndiyo yaliyoleta balaa, alikimbia. Virgil na Morgan walijeruhiwa, Holliday alikwaruzwa, Wyatt hakuguswa. Pengine ndiyo sababu sinema ilimchagua yeye.

Hapa kuna jambo ambalo nadhani litawafurahisha wapenda lugha. Katika wilaya ile, mwaka ule, neno "kauboi" lilikuwa tusi. Mfuga ng'ombe wa heshima aliitwa kwa jina jingine. Kauboi alikuwa mwizi wa ng'ombe avukaye mpaka wa Meksiko usiku. Kwa hiyo wenye kuitwa makauboi siku ile ndio hao waliouawa na askari.

Na ubishi wa watazamaji haukuanza na sinema. Siku za baadaye mwezi ule mji mzima uligawanyika. Gazeti la Epitaph, ambalo mwenyewe alikuwa ndiye meya, liliwatetea akina Earp. Gazeti la Nugget, lililokuwa upande wa sherifu Johnny Behan, liliwalaani. Sherifu huyo hakuwa mtu mdogo. Yeye ndiye aliyekusanya kodi ya wilaya na kujipatia asilimia kumi ya makusanyo, na kiti hicho Wyatt naye alikuwa akikitamani. Hakimu Wells Spicer alisikiliza mashahidi kama 30 kwa muda wa karibu mwezi mzima. Wengine waliapa kwamba marehemu walikuwa wameinua mikono. Wengine waliapa kwamba walikuwa wakichomoa bastola. Watu wale walikuwa wamesimama mtaa mmoja, mchana, wakitazama jambo moja! Hakimu aliwaachia washtakiwa kwa kuwa ushahidi haukutosha kuwapeleka mbele, ingawa alimlaumu Virgil kwa kukosa busara pale alipomchukua Wyatt na Holliday kumsaidia, watu waliokuwa tayari na ugomvi na wale.

Yaliyofuata sinema nyingi hazipendi kuyaonyesha. Tarehe 28 Desemba 1881 Virgil alipigwa risasi gizani na mkono wake wa kushoto ukalemaa. Tarehe 18 Machi 1882 Morgan aliuawa kwa risasi iliyopita kwenye kioo akiwa anacheza biliadi. Siku mbili baadaye, kwenye stesheni ya Tucson, mtuhumiwa mmoja alikutwa amejaa risasi. Wyatt na wenzake ndio waliokuwa pale. Kuanzia hapo naibu marshali yule alikuwa akiwinda watu bila mahakama, akisakwa yeye mwenyewe kwa hati ya kukamatwa kwa mauaji. Huyu ndiye tuliyempigia makofi kwenye viti vya mbele! Sisi tunaoishi katika miji ambayo mtu akipiga ukelele wa "mwizi" umati hujichukulia sheria mkononi kabla polisi hawajafika, tunajua ladha ya haki ya namna hiyo, na tunajua pia ni mara ngapi aliyeuawa hakuwa mwizi.

Wyatt alifariki Los Angeles mwaka 1929, mzee wa miaka 80, na miongoni mwa waliobeba jeneza lake walikuwa wachezaji sinema wawili, William S. Hart na Tom Mix. Miaka miwili baadaye kikatoka kitabu cha Stuart Lake kilichomfanya malaika, na kitabu hicho ndicho kilichozaa filamu yetu. Filamu ya kwanza iliyotokana na kitabu hicho, ya mwaka 1934, ililazimika hata kumbadilisha stelingi jina na kumwita Michael Wyatt, kwa sababu mjane wake alikuwa mkali na hakutaka jina la mumewe lichezewe.

Kuhusu kazi ya marshali siku za kawaida, nitapita haraka. Ilikuwa kukamata walevi, kukusanya faini, kusimamia usafi wa barabara, hata kuua mbwa wazururaji. Wyatt alipokuwa askari huko Wichita, Januari 1876, bastola yake ilianguka kutoka kiunoni akiwa amekaa kwenye baa, ikalia, na watu wakatoka mbio. Wild Bill Hickok, marshali wa Abilene, Oktoba 1871 alimpiga risasi mcheza kamari mmoja, kisha akasikia hatua za mtu nyuma yake, akageuka na kufyatua. Aliyeanguka alikuwa naibu wake mwenyewe, aliyekuwa akikimbilia kumsaidia. Miezi miwili baadaye mji ulimwachisha kazi. Mwanahistoria Robert Dykstra aliyahesabu mauaji ya miji mitano ya ng'ombe ya Kansas, Dodge City ikiwemo, tangu 1870 hadi 1885, akapata 45 tu. Filamu tatu za Jumamosi zingemaliza idadi hiyo.

Sasa nimjibu mama mwalimu, maana swali lake ndilo lililoninyima usingizi.

Mama, alikuwepo askari mweusi, na alikuwa mkubwa kuliko hao wote. Jina lake Bass Reeves. Alizaliwa mtumwa huko Arkansas mwaka 1838. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alimtoroka bwana wake na kukimbilia Himaya ya Wahindi Wekundu, nchi ambayo leo ni jimbo la Oklahoma, akaishi na wenyeji wa huko na kujifunza lugha zao. Mwaka 1875 jaji Isaac Parker alipopelekwa Fort Smith kusimamisha sheria katika eneo lile kubwa, aliruhusiwa kuajiri manaibu marshali 200. Reeves alikuwa miongoni mwao, na alitumika miaka 32.

Hakujua kusoma. Kabla ya safari aliomba asomewe hati za kukamata watu, akazikariri, na kila hati akaitambua kwa umbo la maandishi yake. Alipomkamata mtu, alimpa mkamatwa mwenyewe achague hati na kuisoma, na haisimuliwi kwamba aliwahi kukosea. Malipo yalikuwa kwa kazi iliyofanyika: senti sita kwa kila maili ya safari, na dola chache kwa kila mkamatwa. Mshukiwa akiuawa, ada yake hupotea. Kwa hiyo tofauti na sinema, askari wa Fort Smith alikuwa na kila sababu ya kumfikisha mtu wake akiwa hai, na Reeves inasemekana aliwafikisha zaidi ya 3,000. Manaibu zaidi ya 60 wa mahakama ile waliuawa kazini. Yeye hakuwahi hata kujeruhiwa vibaya, ingawa mkanda wake na kofia yake vilipigwa risasi.

Kuna kisa kimoja ninachokipenda. Aliwataka ndugu wawili waliokuwa wamejificha nyumbani kwa mama yao. Reeves akaacha farasi na wenzake mbali, akavaa nguo za kuchakaa na viatu vilivyokatwa visigino, akatoboa kofia yake kwa risasi, akatembea kwa miguu maili 28. Alipofika alimwambia yule mama kwamba anakimbia askari, na kofia ndiyo ushahidi. Mama akamhurumia, akampa chakula, na wanawe walipokuja wakamkaribisha awe mwenzao. Usiku walilala chumba kimoja. Asubuhi vijana waliamka wamefungwa pingu. Yule mama, inasimuliwa, alimfuata maili tatu njiani akimlaani kwa kila laana aliyoijua. Wasomaji, niambieni, je, hiyo si filamu ya kikauboi? Haihitaji hata risasi moja, na kwa bei ya Republic ingepigwa kwa siku tano.

Lakini Reeves hakuwa malaika wa kitabu, nami sitaki kumfanyia walivyomfanyia Wyatt. Mwaka 1887 alishtakiwa mahakamani hapo hapo Fort Smith kwa kumuua mpishi wake wa safarini. Alidai ilikuwa ajali wakati wa kusafisha bunduki. Aliachiwa huru, ila mawakili walimmaliza fedha. Na mwaka 1902 mwanawe mwenyewe, Bennie, alimuua mkewe. Hati ya kumkamata ilipotolewa manaibu wengine walisita. Baba ndiye aliyeichukua, akaenda, akarudi na mwanawe, na mwanawe akafungwa.

Mwaka 1907 Oklahoma ikawa jimbo, na moja ya sheria za kwanza za bunge lake jipya ilikuwa kutenganisha weusi na weupe katika mabehewa ya treni. Mtu aliyewakamata wezi weupe kwa miaka 32 sasa hakuruhusiwa kukaa nao behewa moja. Alimalizia kazi kama askari wa kawaida wa mji wa Muskogee, akafariki tarehe 12 Januari 1910. Sanamu yake ilisimamishwa Fort Smith mwaka 2012, na mwaka 2023 ikatoka tamthilia ya televisheni inayomhusu, akicheza David Oyelowo, Mwingereza wa asili ya Nigeria. Siku hizi wapo wanaodai kwamba yule shujaa wa redio aliyefunika uso, Lone Ranger, aliyeanza kusikika mwaka 1933 kutoka Detroit, alitokana na Reeves. Dai hilo limejengwa juu ya kufanana tu, na mimi sioni kwamba Reeves anahitaji kupambwa nalo.

Na wapo waliojaribu kuliziba pengo zamani. Mwaka 1937 mwimbaji Herb Jeffries alicheza kauboi katika Harlem on the Prairie, filamu ya kikauboi ya watu weusi watupu, na zikafuata nyingine, kati ya hizo The Bronze Buckaroo ya mwaka 1939, mwaka ule ule wa Frontier Marshal. Zilikuwa za fedha kidogo kuliko zote, nyingine zikipigwa kwenye shamba la wageni lililomilikiwa na familia ya weusi huko Victorville, California. Zilionyeshwa zaidi katika kumbi za weusi. Nyimbo zake ni nzuri, uigizaji wake una kasoro, na watoto wa Harlem waliziona. Linganisha na mwanzo wa Frontier Marshal, ambapo Wyatt anapata sifa zake za kwanza kwa kumtoa nje Mhindi Mwekundu mlevi. Mama mwalimu aliona sawasawa.

Watazamaji wa Afrika nao walikuwa na maoni yao, na bahati nzuri yaliandikwa. Mwaka 1953 na 1954 mtaalamu wa Kimarekani, Hortense Powdermaker, aliyekuwa ametoka kuandika kitabu juu ya Hollywood yenyewe, aliishi Luanshya, kwenye machimbo ya shaba ya Zambia ya leo. Alikuta wachimbaji na watoto wao wakifurika kwenye sinema za wazi, na kila kauboi, awe nani, wakimwita jina moja tu: Jeke. Walipiga kelele, waliigiza ngumi, walimwonya Jeke kwamba adui yuko nyuma ya mwamba. Wakoloni waliziogopa kelele hizo, wakawa na ukaguzi wao maalumu wa filamu za Waafrika. Katika miaka ya 1950 hiyo hiyo, vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walijiita Mabill, kutokana na Buffalo Bill, wakavaa vitambaa shingoni na kubuni lugha yao ya mitaani. Nani alijua watu wale walichokuwa wakikishangilia? Mimi naamini hawakumshangilia Mzungu. Walimshangilia mtu asiyeamkia bosi.

Hata huko Marekani hawakuelewana. Filamu ya High Noon ya mwaka 1952 ni ya marshali anayeachwa peke yake na mji mzima. Mwandishi wake, Carl Foreman, alikuwa akisakamwa na kamati ya bunge kwa ukomunisti, na akahamia Uingereza. John Wayne aliichukia filamu hiyo maisha yake yote, na mwaka 1959 yeye na Howard Hawks wakatoa Rio Bravo kama jibu. Na bado, katika uchaguzi wa Poland wa tarehe 4 Juni 1989, chama cha wafanyakazi cha Solidarność kilimbandika marshali huyo huyo kwenye mabango, Gary Cooper mwenyewe, mkononi ana karatasi ya kura badala ya bastola.

Limebaki swali la kijana mmoja aliyeuliza kama Virgil, marshali halisi wa Tombstone, alikuja kulipiza kisasi. Hapana. Alihamia California kujiuguza. Mwaka 1887 wakazi wa mji mdogo wa Colton walimpigia kura akawa marshali wao, na akaifanya kazi hiyo kwa mkono mmoja. Alifariki kwa nimonia mwaka 1905 huko Goldfield, Nevada, akiwa bado naibu sherifu.